Ukuta unatoka maji, mchafu naitwa mimi

Shikamoo Anti. Usingizi umegoma. Mtoto ndiyo kwanza kalala baada ya kukohoa tangu saa nne, nikaona bora nikuandikie kuliko kulia peke yangu.

Mimi si mchafu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma. Nadeki asubuhi na jioni, vyombo vyangu havilali bila kuoshwa, jirani yeyote pale uani aulizwe. Lakini mama mwenye nyumba alisimama koridoni, wapangaji wenzangu wanachambua dagaa, akasema kwa sauti: "Chumba kinaota fangasi kwa uchafu wa mwenye chumba." Mbele ya watu, Anti.

Tuko Mwanga ya hapa Kigoma, hizi nyumba za zamani unazijua, tofali za kuchoma na lipu juu. Mvua zikishika, ukuta wa nyuma ya kitanda unaanza kulowa kuanzia chini, na ikifika Aprili unyevu umeshapanda usawa wa kiuno. Rangi inavimba, inabanduka, na chini yake inatoka chumvichumvi nyeupe. Nyuma ya kabati ndiko kumejaa fangasi nyeusi. Suti ya mume wangu ya harusi imeota ukungu mabegani. Godoro upande wa ukutani linanuka. Nafuta kwa jiki mpaka vidole vinachubuka, haikawii inarudi palepale. Mwaka jana mama mwenye nyumba alileta mtu akapaka rangi juu ya unyevu, masika hayakuisha ikawa imebanduka yote.

Anasema tunaanika nguo ndani. Ndiyo, mvua ikinyesha kutwa naanika ndani, nepi za mtoto nizipeleke wapi? Jiko naweka koridoni kama wenzangu. Fundi ujenzi mmoja, mtu wa kwetu, aliukagua ukuta akaniambia mvuke wa kupika na nguo mbichi unaonekana zaidi juu, kwenye kona za dari na vioo vya madirisha. Huu unaopanda toka chini na kuacha chumvi ni maji ya ardhini. Msingi haukuwekewa nailoni, udongo wa nyuma ya nyumba umejaa mpaka umepita msingi, na maji ya bati yanamwagika papo hapo. Eti udongo uondolewe, uchimbwe mfereji, iwekwe gata, lipu iliyooza ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke kiangazi ndipo upigwe lipu mpya.

Nilimweleza mama hayo yote kwa adabu, nimepiga goti. Jibu lake ndilo lile la koridoni. Akaongeza kuwa ziwa limepanda, Kigoma nzima ina maji, kwani alishushe yeye? Ziwa kupanda kweli lilipanda, wa mwaloni Kibirizi waliteseka. Lakini sisi tuko huku mlimani! Maji ya ziwa yanafikaje Mwanga?

Na huyu ndiye aliyenikanda nilipojifungua, Anti. Mama yangu yuko Kasulu, alikuwa anaumwa, hakuweza kuja. Huyu mwenye nyumba ndiye aliyenichemshia maji, alinipikia uji, alifua damu yangu kwa mikono yake. Mtu aliyenijua hivyo leo ananiita mchafu mbele ya watu?

Daktari alimsikiliza mtoto kifua kinavyolia miluzi, akauliza tunalala wapi. Akasema fangasi za ukutani zinaweza kumchochea kifua kubana, tumtoe chumba kile. Mume wangu anasema nivumilie, kodi ya miezi sita tumeshalipa, na mkataba tulioandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa unasema habari ya kodi na bili ya maji, matengenezo haumo. Anasema nikirudi kwa mwenyekiti kushtaki nitamdhalilisha mama aliyetufaa. Mimi niliyedhalilishwa je? Yeye yuko safarini na lori siku nyingi, anayelala ukutani ni mimi na mwanawe. Nimewaza niende Kasulu na mtoto hadi mwezi wa saba, ukuta ukauke. Wifi kanionya kuwa mke anayeondoka mume akiwa safarini kajitoa mwenyewe kwenye ndoa. Ni kweli, Anti? Hata kama ni kwa ajili ya kifua cha mtoto?

Si kwamba nataka kuhama. Soko liko jirani, majirani nimewazoea, na mama simchukii. Kuna saa naapa kesho nafungasha. Halafu nawaza, nikitoka tu atawaambia wenzangu, "Mmeona, mchafu kaondoka," na atakayeingia baada yangu atalowa vilevile huku jina langu limebaki pale. Nataka aje auguse ukuta kwa mkono wake mbele ya walewale waliomsikia.

Kuna hela kidogo nimeweka, mume hajui. Nimwambie mama nichimbishe mfereji kwa hela hiyo tukatane kwenye kodi ijayo? Au ndiyo nitakuwa nimekubali kwamba kosa lilikuwa langu? Nijibu mapema, mume anarudi Jumamosi na nataka nijue la kumwambia.

Mpangaji, Mwanga, Kigoma