Nipite wapi? Barua ya wazi ya mpanda baiskeli kwa mwenye barabara

Mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na jamaa zako, na kwamba njia ya kwenda kwako haina mashimo.

Sikuandika jina lako wala cheo chako hapo juu, na si kwa kukosa adabu. Barua yangu ya kwanza niliipeleka ofisi moja, nikaambiwa barabara ile ya Kongowea ni ya serikali kuu, si ya kaunti. Ya pili nikaipeleka kwa hao wengine, nikaambiwa lami ndiyo yao, lakini pale kando, wanapojipanga wachuuzi na tuktuk, ni mambo ya kaunti. Basi hii ya tatu naitoa hadharani. Ikiwa mwenye barabara ni wewe, isome. Ikiwa siye, mpe mwenzako. Nyinyi mnajuana.

Utaniwia radhi pia kwa kuwa haikuandikwa kwa mkono. Mkono ulioandika zile mbili umefungwa plasta. Nasema mimi, anayechapa ni binti yangu, na kuna maneno mawili matatu amekataa kuyachapa.

Mimi ni mchuuzi wa mahamri. Mke wangu huamka saa nane za usiku kukanda. Nikishaswali alfajiri hufunga makapu mawili kwenye kerieri ya baiskeli, nikatoka Mishomoroni, hapa Mombasa, nikapita Kongowea, nikavuka daraja la Nyali hadi Buxton na Mwembe Tayari, kwenye hoteli zinazochukua asubuhi na kulipa jioni. Mwaka wa kumi na moja huu. Wanaoniuliza kwa nini sipandi matatu, na wajaribu kuingia na makapu mawili ya mahamri moto saa kumi na mbili asubuhi, kisha waje tuzungumze.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa nimefika sokoni Kongowea. Unalijua soko lile alfajiri? Malori yanashusha vitunguu na nyanya, mikokoteni inatoka kinyumenyume, makanga wanagombania abiria kama wamelipiwa mahari. Kando ya lami palikuwa na tuktuk nne zimejipanga, kwa hivyo nikanyoosha mkono, nikaingia barabarani kuzizunguka. Matatu iliyokuwa nyuma yangu ikapiga honi mara moja na kupita papo hapo. Kioo chake cha pembeni kikalinasa kapu.

Kitu cha kwanza kukiona, nikiwa chini, ni mahamri. Hamri halibingiriki, lina pembe. Huruka mara moja, mara mbili, kisha likatulia. Yalitulia barabara nzima. Tuktuk ikapita juu yake nikasikia hewa ikiyatoka, pwa, pwa, pwa. Kijana wa mkokoteni akanivuta na kunikalisha juu ya gunia la viazi. Mwingine akaokota hamri moja, akalipuliza vumbi, akala. Simlaumu. Yalikuwa mia mbili na arobaini, kwa shilingi kumi kumi. Hesabu ufanye wewe, na hilo moja ulitoe, nimelifanya sadaka.

Matatu haikusimama. Nilipokwenda kuandikisha taarifa, afisa aliniuliza swali kabla hata ya kuniuliza jina: "Na baiskeli ulikuwa ukitafuta nini kwenye barabara ya magari?"

Mheshimiwa, swali hilo nakuletea wewe. Nipite wapi?

Maana siku moja tuliitwa ukumbini kutoa maoni ya wananchi. Tulipewa soda. Ukutani palitundikwa turubai kubwa lenye ramani, na juu ya ramani mstari wa kijani, na kijana mmoja nadhifu akatwambia mstari ule ni njia ya baiskeli na waendao kwa miguu. Nikasimama nikauliza upana wake. Mita mbili, akasema. Nikauliza lini. Mwaka huu wa fedha, akasema, na watu wakapiga makofi, mimi mmoja wao. Ule mwaka wa fedha umekwisha, na wa baada yake, na mstari wa kijani sijauona tena popote. Turubai lenyewe lilikuwa zuri. Lingemfaa mtu kibandani wakati wa masika.

Kwa nini haikujengwa, sijaambiwa, kwa hivyo nimebaki kudhani. Nadhani pesa zilipata safari nyingine. Nadhani aliyechora hajapata kupanda baiskeli. Na nadhani, unisamehe kwa kukudhania, kwamba wewe Kongowea unapita vioo vimefungwa na kiyoyozi kinavuma, na sisi huku nje twaonekana kama vitu vinavyoyumba tu.

Shemeji yangu ana gari, na jibu lake analo tayari. Anasema barabara haziyatoshi magari, sembuse kukatiwa nyinyi wa baiskeli kipande. Tumegombana juu ya jambo hili hadi dada yangu akatuondolea chai. Lakini mji huu ni kisiwa, na milango yake inahesabika kwa vidole: Nyali, Makupa, feri ya Likoni. Kila asubuhi watu wa Kisauni, Bamburi na Mtwapa wanajikamua katika mlango mmoja, na gari la shemeji, lenye viti vitano, limembeba shemeji. Mimi humpita pale pale darajani. Hunipigia honi. Laiti nusu ya wale waliomzuia mbele wangekuwa na njia ya kupita kwa baiskeli bila kuaga wake zao kila asubuhi, angefika kazini mapema, na chai ya dada yangu tungeinywa kwa amani.

Na msituambie haiwezekani. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, ilipoonekana watu wanasongamana feri, daraja la kuelea la Liwatoni lilijengwa kwa miezi tu, la watu wa miguu peke yao. Darajani kule mlikubali kwamba mtu na gari si wa kuchanganywa. Sokoni Kongowea mnatuchanganya na malori.

Binti yangu anataka niongeze ya kisomo, na kwa kuwa kidole ni chake, namwachia. Anasema katiba ya 2010 imewapa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho, kwa hivyo zile tuktuk nne zina mwenyewe. Anasema sheria ya trafiki inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa mjini, na Shirika la Afya Duniani linashauri 30 mahali ambapo magari yanachanganyika na watu. Anasema kila NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, inapotoa hesabu ya waliokufa barabarani Kenya, waendao kwa miguu ndio wengi kuliko wote. Mimi namwambia matatu ile haikuwa imesoma yoyote kati ya hayo.

Nami si malaika. Nimewahi kupita upande usio wangu ili kukwepa dimbwi, na taa ya baiskeli yangu iliharibika tangu mwaka jana. Wenzangu wa bodaboda nao wakiona jamu hupanda juu ya kabro za waendao kwa miguu, mama na mtoto mgongoni wakaruka. Ndiyo maana sikuombi mstari wa rangi. Mkipaka rangi, kufika adhuhuri patakuwa na makaa yanauzwa juu yake.

Nilikuwa nimekusudia kukuomba mengi. Njia ya baiskeli kutoka Mtwapa hadi Mwembe Tayari, taa zinazowaka, matuta sokoni, vituo vya tuktuk vyenye mipaka. Nimeyafuta, maana nikiomba kumi mtaniitia mkutano mwingine na soda nyingine. Naomba mawe. Mawe ya kimo cha goti, yaliyosimikwa kwa saruji, kutoka soko la Kongowea hadi mguuni mwa daraja la Nyali, upande huu na upande huu. Gari lisiweze kuyapanda, baiskeli ipite nyuma yake. Hata kama si mita mbili. Mita moja na nusu inanitosha na makapu yangu, nimepima. Mawe tu, Mheshimiwa. Pwani hii haikukosa mawe.

Fundi ameshainyoosha rimu na kuniwekea taa mpya, kwa deni. Plasta inatolewa mwisho wa mwezi, na siku ya pili yake nitakuwa Kongowea saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukipenda kujionea, njoo. Gari liache nyumbani, uje na baiskeli. Mahamri ni juu yangu.

Wako mtiifu, bado,

Mchuuzi wa mahamri, Mishomoroni