"Tofauti zisizosuluhishika" si sababu ya talaka Tanzania

Mhariri,

Mastaa wa Marekani wakiachana, kurasa za burudani hutuambia chanzo ni "tofauti zisizosuluhishika". Kwao ni sawa. Tatizo ni kuyaona maneno hayo kwenye habari za mahakama zetu, kana kwamba Mtanzania akiyatamka tu anapewa talaka.

Yametoka katika sheria ya familia ya California, iliyotiwa saini na gavana Ronald Reagan mwaka 1969 na kuanza kutumika Januari 1, 1970. Nia ilikuwa anayetaka kuachana asilazimike kuthibitisha ugoni au ukatili wa mwenzake.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haiyajui. Hapa mahakama lazima ijiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kuthibitisha hilo: ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa makusudi au kutengana kwa hiari kwa miaka 3 au zaidi, na mengine. Kusema "hatuelewani" hakutoshi. Hata neno "mfarakano" pekee halithibitishi kitu.

Wengi hukwama kabla ya kufika huko. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati, na hati hiyo iwe haijazidi miezi 6 siku ya kufungua shauri. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si hati. Hati isiyosema kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha nayo ni balaa: kesi inaweza kufika rufaa, mali zimeshagawanywa, kisha mwenendo wote ukafutwa na watu wakaanza upya.

Msamaha wa kutopitia baraza upo, kwa mfano mwenza akiwa ametoroka na hajulikani aliko, au ameitwa barazani akakaidi. Ndoa isiyofikisha miaka 2 huhitaji kwanza kibali cha mahakama. Na waliooana Kiislamu wasidhani talaka ya mdomo inawavusha: kifungu cha 107(3) kinaitambua pale tu inapotolewa baada ya baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Msomaji,
Dodoma