Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa udhibiti wa virutubisho: ondoa neno "mgongo" kwenye chupa hizo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: WARAKA WAKO WA KUONGEZA MUDA WA LEBO

Salaam. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua zetu tatu zilipokelewa ofisini kwako, zikagongwa mhuri, na hadi leo hazijajibiwa. Wiki hii umetoa waraka unaowapa wauzaji wa virutubisho miezi 12 mingine ya kuandika kwenye chupa "hutibu maumivu ya mgongo na kiuno" wakati "utafiti unaendelea". Ni mara ya tatu muda huo unaongezwa. Mara ya kwanza uliahidi, kwa maandishi na kwa sahihi yako, kwamba hakuna chupa itakayotaja ugonjwa bila ushahidi. Sisi tunaofanya fiziotherapia, tunaotoa dawa na tunaotafiti maumivu tuliipokea ahadi hiyo kwa shukrani. Bado tunaidai.

Tuanze na utafiti unaoutegemea. Kiambatisho cha waraka kinasema watu 60 wenye maumivu ya kiuno watapewa kidonge kwa wiki 4, kisha wataulizwa kama wamepata nafuu. Kundi la kulinganisha halipo. Mheshimiwa, utafiti wa namna hiyo hauna njia ya kushindwa. Maumivu sugu ya kiuno hupanda na kushuka, na mtu hujitokeza kutafuta msaada siku yamempanda. Aliyeandikishwa akiwa na maumivu ya 8 kati ya 10 ana nafasi kubwa ya kuwa na 5 au 6 mwezi mmoja baadaye, hata kama kidonge hakina kitu ndani. Ongeza matumaini yake, ongeza na mtu wa kumjulia hali kila wiki, utapata jedwali zuri lisilosema lolote kuhusu kidonge.

Utafiti unaofaa unajulikana unavyofanywa, na tuliueleza katika barua ya pili. Anza kwa kuamua nani ana maumivu sugu: yawe yamedumu miezi 3 au zaidi, na yamemsumbua angalau nusu ya siku za miezi 6 iliyopita. Waondoe wenye dalili za hatari na wapelekwe hospitali haraka: ganzi ya sehemu za siri na makalio, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, miguu yote miwili kulegea, homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani. Kisha hesabu watu kabla ya kuanza. Ukitaka kuona tofauti ya alama 1 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, na alama za watu zinatawanyika kwa 2.5 (mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za watu hutofautiana na wastani), unahitaji watu 98 kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo kama ipo. Watu hukata tamaa njiani. Wakipungua asilimia 20, waandikishe 123 kila kundi, yaani 246. Watu 60 wasio na kundi la pili hawakaribii hapo.

Kundi moja lipewe kirutubisho, jingine kidonge tupu kisicho na dawa, kwa bahati nasibu, na anayegawa asijue kipi ni kipi. Hapa ndipo tafiti nyingi za virutubisho huharibika kimyakimya. Kurkumini, kiini cha bizari ya manjano, huacha rangi vidoleni, mafuta ya samaki humfanya mtu acheue harufu yake, na mshiriki hugundua mapema yuko kundi gani. Kwa hiyo kidonge tupu kifanane rangi, uzito na harufu, na mwisho wa utafiti kila mshiriki aulizwe anadhani alipewa nini. Wengi wakipatia, matokeo yapunguziwe uzito. Dawa za maumivu anazomeza pembeni ziandikwe pia, maana nafuu inaweza kuwa ya ibuprofeni. Uwezo wa kufanya kazi upimwe kwa dodoso la Roland-Morris lenye maswali 24, na nafuu ihesabiwe inapofika angalau asilimia 30 ya alama za mwanzo. Mpango wote usajiliwe hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza, ili asitokee mtu wa kubadili kipimo baada ya kuona matokeo.

Kazi ya aina hii imeshafanyika kwingine. Nchini Norwei watafiti waliwachukua watu 250 wenye maumivu sugu ya kiuno na pingili zilizochakaa. Nusu wakapewa glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, miligramu 1,500 kwa siku kwa miezi 6, nusu kidonge tupu, wote wakafuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwepo. Kama kundi la pili lisingekuwepo, glukosamini ingesifiwa leo kama tiba. Hilo ndilo litakalotokea kwa utafiti wako wa watu 60.

Chupa nyingi zinaahidi "kurudisha diski", yaani mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo. Mwaka 2015 zilikusanywa picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 96. Uchakavu huo huja na umri kama mvi. Anayemwonyesha mtu picha kisha akamuuzia chupa, anamuuzia dawa ya kitu ambacho pengine hakimuumizi.

Sasa madhara, ambayo waraka wako umeyapa mstari mmoja: "bidhaa hizi ni za asili na salama".

Vidonge vinavyouzwa kama "vya mishipa" mara nyingi vina vitamini B6 miligramu 100 au 200. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula iliweka mwaka 2023 kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Marekani inakubali hadi 100. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu: ganzi, miguu kuwaka moto, hatua kuyumba gizani. Mwenye maumivu ya kiuno hudhani mgongo umezidi, akaongeza kidonge. Tofauti inaonekana ukiuliza vizuri. Mshipa uliobanwa mgongoni kwa kawaida huuma mguu mmoja, kwa mstari kutoka takoni hadi chini ya goti, na kukohoa huuzidisha. Sumu ya B6 hushika miguu yote miwili kwa usawa, kuanzia vidoleni, kama soksi. Dawa yake ni kuacha kidonge, na kupona huchukua miezi. Lebo yenye neno "mgongo" inamfanya mtu asiulize swali hilo kabisa.

Vitamini D nayo: kikomo cha kawaida kwa mtu mzima ni yuniti 4,000 kwa siku. Chupa moja huandika mikrogramu 50, nyingine yuniti 2,000, na hicho ni kiasi kilekile. Anayemeza ya mifupa, ya viungo na ya vitamini mchanganyiko, kila moja ikiwa na hiyo, amefika 6,000 bila kujua. Kalsiamu ya damu ikipanda huja kiu, mkojo mwingi, kufunga choo na kuchanganyikiwa, na figo huumia. Kwa mwenye figo dhaifu hata magnesiamu ya kawaida ni hatari. Glukosamini imeripotiwa kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi damu kutoka ovyo. Kurkumini imeripotiwa kuumiza ini, hasa ile iliyochanganywa na paiperini ya pilipili manga ili ifyonzwe zaidi. Mkojo ukiwa mweusi na macho ya manjano, kidonge kiachwe siku hiyohiyo na ini lipimwe.

Linalotutisha zaidi ni chupa zenye dawa isiyoandikwa. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya umma kuhusu bidhaa zenye jina Artri King, zilizouzwa kama virutubisho vya viungo: ndani zilikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi, ambazo lebo haikuzitaja. Diklofenaki hutoboa tumbo na kuchosha figo. Deksamethasoni ikitumika kwa wiki kadhaa hulaza tezi zinazotengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili huihitaji. Chupa ikiisha ghafla, presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Ndiyo maana hatumwambii mtu kama huyo "acha leo". Tunampeleka kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo. Kirutubisho kinachoondoa maumivu ya miaka kwa siku mbili kinatakiwa kwenda maabara kabla ya kwenda dukani, na kila bechi ipimwe, kwa sababu bechi safi ya kwanza haiisemei ya pili.

Huenda ofisi yako ina upungufu wa vifaa vya maabara. Huenda pia wauzaji wana sauti kubwa kuliko wagonjwa. Tunabahatisha, kwa kuwa hujatujibu. Lakini kufuta neno kwenye lebo hakuhitaji mashine.

Wala hatukuombi uwaache watu mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Linashauri mazoezi, elimu kwa mgonjwa, tiba ya kisaikolojia, na dawa za kundi la ibuprofeni pale zinapofaa. Mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni halishauri. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2024 liliwachukua watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa kuongeza kutembea taratibu, lengo likiwa dakika 30 mara 5 kwa wiki, walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi, wasiofundishwa 112. Hesabu hizo ni za katikati: nusu ya watu walirudiwa kabla ya hapo, nusu baada ya hapo au hawakurudiwa. Kutembea hakuna chupa, hivyo hakuna wa kuja ofisini kwako kutetea kutembea.

Watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu haya mwaka 2020, na makadirio ya mwaka 2050 ni milioni 843. Sisi tunawapokea baada ya chupa ya nne au ya tano, wakiwa wamechoka, fedha ya tiba imekwisha, na hawatuamini tena tunapowaambia wainuke watembee. Tumechoka pia, Mheshimiwa. Kila muda unaoongeza ni kazi tunayoianza upya.

Tulikuja na madai tisa katika barua ya kwanza, matano katika ya pili, mawili katika ya tatu. Leo tuna moja. Kabla ya waraka huu kuanza kutumika, agiza neno "mgongo", na neno "kiuno", yaondolewe kwenye kila chupa ambayo haina jaribio lenye kundi la kidonge tupu nyuma yake. Chupa ziuzwe, vitamini ziitwe vitamini, kiasi kiandikwe. Neno hilo tu litoke.

Tunasubiri jibu la maandishi.

Sisi wafiziotherapia, wafamasia na watafiti wa maumivu