Taarab haienei kwenye "Msanii" na "Albamu"

Mhariri,

Kanda na santuri nyingi za taarab Unguja na Pemba sasa zinahamishiwa kwenye kompyuta, na baada ya kazi hiyo huja suala la programu ya kuzipigia. Aghlabu jibu huwa VLC. Ni kweli VLC inafungua karibu kila faili, lakini kupiga wimbo ni kazi moja, na kuupata wimbo katikati ya elfu tatu ni kazi nyengine.

Wimbo wa taarab una mtunzi wa mashairi, mtia lahani, mwimbaji, kikundi na maqam, yaani mpangilio wa sauti kama Hijazi. Programu nyingi zinaonesha msanii, albamu na aina ya muziki, basi. Ukimweka mwimbaji kwenye "msanii", kikundi kinapotea. Ukiweka kikundi, mwimbaji haonekani. Tena kuna tahajia: kikundi kile kile cha mwaka 1905 utakikuta Ikhwani Safaa, Ikhwan Safaa na Akhwan Safaa, na kompyuta inakifanya vikundi vitatu.

Kwa hiyo kabla ya kutazama uzuri wa sura, tuulize kama programu inakubali kuongezewa kitu na mtu asiye mtaalamu. Hapo ndipo programu huria, yaani zenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu, zinapotengana.

Quod Libet naiweka mbele. Inakuruhusu kubuni lebo (maelezo yanayoandikwa ndani ya faili la wimbo) zako mwenyewe, mathalan "lahani" na "maqam", kisha kuzitafuta. Ukiandika artist = /khwani? saf/ unapata tahajia zote tatu kwa mkupuo. Ukiandika &(maqam = /hijaz/, #(length > 480)) zinakuja nyimbo za Hijazi zinazozidi dakika nane, kwa sababu urefu unahesabiwa kwa sekunde. Tahadhari: kwenye mafaili ya aina ya FLAC na Ogg lebo hizo huandikwa kama zilivyo, lakini kwenye MP3 hutiwa katika fremu ya TXXX, sehemu ya lebo za ziada, zikiwa na jina la Quod Libet mbele, na programu nyengine huenda isizioneshe. Nakala kuu ya kanda basi iwe FLAC. Saa moja ya stirio kwa ubora wa CD ni kama MB 600 ikiwa WAV, yaani isiyobanwa; FLAC huishusha hadi karibu nusu, na sauti haipungui kitu.

Programu jalizi yake, yaani kiongezo cha kuipa kazi mpya, ni faili la lugha ya Python. Mistari sita inatosha kutengeneza amri ya kutia "hijazi" kwenye nyimbo zote ulizozichagua: wa kuita SongsMenuPlugin, wa class, PLUGIN_ID, PLUGIN_NAME, wa kufungua plugin_song, na song["maqam"] = "hijazi". Faili huwekwa kwenye ~/.config/quodlibet/plugins (~ ni folda yako ya nyumbani kwenye Linux), programu ikafungwa na kufunguliwa, kisha ukaitia tiki kwenye orodha ya jalizi. Isipoonekana, kwanza angalia PLUGIN_ID kama umeisahau, halafu kama umechanganya tab na nafasi mwanzoni mwa mistari. Aliyeisakinisha kwa Flatpak, njia ya kusakinisha programu kwenye Linux, atafute folda ndani ya ~/.var/app, wengi hapo ndipo wanapokwama, wanaweka faili mahali ambapo programu haitazami kabisa.

Rhythmbox nayo inapokea Python, ila inataka mafaili mawili, la .py na la .plugin. Programu jalizi za zamani zimeandikwa Loader=python, nazo hazipandi mpaka isomeke python3. Lebo za kubuni, hata hivyo, usizitarajie.

Audacious ni nyepesi, inafaa kompyuta kuukuu za skuli, na inavaa ngozi za zamani za Winamp. Ina kibadilishi cha kasi na kimo cha sauti, dawa ya kanda iliyorikodiwa kwa mashine iliyokwenda mbio. Lakini kuiongezea kitu kipya ni lugha ya C++ na kukusanya msimbo (kuugeuza uwe programu), na toleo likipanda, jalizi ya nje inaweza kukataliwa mpaka ijengwe upya. VLC inapokea jalizi za lugha ya Lua kwenye ~/.local/share/vlc/lua/extensions, jambo rahisi, ila maktaba yake haifai kwa mkusanyiko mkubwa. Strawberry, mjukuu wa programu ya zamani Amarok 1.4 kupitia Clementine, ni nzuri kwa kupanga lebo za kawaida, lakini mlango wa jalizi haina. Na foobar2000, inayopendwa sana, ni ya bure tu. Msimbo wake umefungwa.

Anayechagua Quod Libet asisahau jambo moja. Lebo zinakaa ndani ya faili la wimbo, lakini nyota unazoupa wimbo kwa uzuri wake na hesabu ya mara ulizoupiga hukaa kwenye maktaba ya programu, isipokuwa ukiwasha kwenye mipangilio chaguo la kuzihifadhi katika lebo. Liwashe kabla ya kuanza kutoa nyota, kwani umeme ukikatika na diski ikaharibika, ukirudisha nakala ya nyimbo peke yake nyota hazirudi.

Msomaji,
Ng'ambo, Unguja