Barua ya wazi kwa makocha wa timu za mtaani: dogo akijiangusha unamwambia nini?

Wanangu makocha wa mchangani, hamjambo. Mzee wenu nimekaa benchi la timu za mtaa miaka mingi, siku hizi nabeba tu kiti changu nakaa pembeni naangalia, na kuna kitu nimekiona jumapili mbili mfululizo nimeshindwa kunyamaza. Dogo wa miaka 13 kaingia kwenye boksi, hakuna aliyemgusa, kajirusha mikono juu kama wale anaowaona kibanda umiza, refa kaweka penati. Mtoto ni mtoto. Kilichoniuma ni kocha wake, alimpigia makofi akamwambia "akili hiyo".

Mnaniambia mzee ndo mpira wa kisasa, hata Ulaya wanajiangusha. Ni kweli, ila kama tunaangalia Ulaya basi tuwaangalie na makocha wao. Aprili 2019 Leeds walicheza na Aston Villa pale Elland Road, Kodjia wa Villa kalala chini kaumia, watu wanajua mpira utatolewa nje ili atibiwe, Klich wa Leeds akaenda kufunga. Vurugu zikaanza hapo hapo, Bamford straika wa Leeds akaanguka kajishika uso kama vile kapigwa na El Ghazi, El Ghazi akala nyekundu. Sasa Bielsa kocha wa Leeds akawapigia kelele vijana wake wawaachie Villa warudishe bao, beki wake Jansson hakukubali kabisa akajaribu kumzuia Adomah wa Villa, lakini neno la kocha lilishatoka, Adomah akafunga, mechi ikaisha 1-1 na sare hiyo ndo ikawapandisha rasmi Sheffield United ligi kuu ya England, Leeds wakabaki daraja la chini yake. Baadae ile nyekundu ikafutwa na Bamford akafungiwa mechi 2 kwa kumdanganya refa.

Na siwaambii ni rahisi. Wenger, aliyekuwa kocha wa Arsenal, nampenda sana, mwaka 1999 Arsenal walishinda 2-1 dhidi ya Sheffield United kombe la FA kwa bao ambalo halikuwa la kiungwana, yeye mwenyewe akaomba mechi irudiwe, ikarudiwa. Miaka kumi mbele straika wake Eduardo akaanguka mbele ya kipa wa Celtic, penati, bao, UEFA wakamfungia mechi 2, na Wenger yule yule akaja juu kumtetea mpaka adhabu ikafutwa kwenye rufaa. Ndo maana nasema mtihani wa kocha ni pale faida ipo kwako, kulalamika ukiwa umeonewa kila mtu anaweza.

Mimi mtihani huo nilifeli. Miaka ya 90, fainali ya kombe la mbuzi, dakika za mwisho straika wangu kajiangusha mbele yangu kabisa, hata mita tano hazifiki, niliona beki kaurudisha mguu. Refa alikuwa upande wa pili hakuweza kuona. Penati, tukashinda, mashabiki wa wenzetu wakamvamia refa. Yule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tulikuwa tunampa nauli tu. Nilimkuta kajibanza nyuma ya darasa, shati limechanika begani, mdomo unavuja damu, kipyenga bado kakishika, akaniuliza "kocha wewe ulikuwa karibu, ile haikuwa faulo?" Nikamjibu ilikuwa faulo. Nilimdanganya mtu anayevuja damu kwa ajili ya mbuzi, na yule straika wangu alikuwa amesimama pembeni yangu anasikia. Hakuacha kujiangusha mpaka anaacha mpira, na mimi sikuwa na mdomo wa kumkataza.

Kwa hiyo wanangu, waambieni kabla ya mechi, sio baada. Dogo akijirusha mtoe, hata kama ndo mfungaji wako, hata kama mnaongoza, na akifika benchi mwambie kwanini umemtoa wenzake wakisikia, bila matusi, ni mtoto. Na refa akikuuliza ulichoona, mwambie ulichoona. Wazazi watapiga kelele, mwenye timu atanuna, najua, yote hayo nimeyapitia.

Jumapili nitakuwepo pale pale chini ya mwembe. Atakayemtoa dogo wake kwa kujiangusha, ashinde ashindwe, mechi ikiisha aje tukae, chai nalipa mimi.

Mzee wenu