Mama Upendo, naomba yale madaftari ya imla

Tukuyu, Jumapili jioni

Mama Upendo ndugu yangu,

Hujambo na Baba Upendo? Sisi wazima, ila nguo hazikauki, mvua ya huku unaijua. Najua nimekaa kimya. Habari ya simu yangu kuibiwa mwulize Sekela, mimi nimechoka kuisimulia.

Nina shida. Ijumaa tuna kikao, na mwalimu wa taaluma ameshatangaza kwamba kila daftari la insha lisahihishwe kosa kwa kosa, kwa wino mwekundu, maana wathibiti ubora wa shule, wale wakaguzi, wako njiani. Mkondo mmoja wa kidato cha pili una watoto sabini na kitu! Nikizungushia kila kosa, ukurasa unakuwa kama umechinjiwa kuku. Mtoto anapokea daftari, anatazama alama aliyopata, analifunga. Insha inayofuata anarudi na makosa yale yale.

Makosa yenyewe unayajua. "Mwalimu nime kuja ila na umwa." Mimi siwalaumu sana. Masomo mengine karibu yote wanasoma kwa Kiingereza, na huko nafsi inakaa peke yake, kitenzi peke yake. Wakirudi kwenye Kiswahili wanakikatakata hivyo hivyo. Halafu hiyo "na" inawachanganya kweli: "Na penda wali na maharage." Niliwaambia wajaribu kupenyeza neno katikati. "Juma na Asha" inakubali, unaweza kusema "Juma na dada yake Asha". Haya, penyeza kwenye "napenda". Anyosisye akasimama akasema "na sana penda", darasa likaangua kicheko, na siku ile hakuna aliyeitenganisha tena. Siku ile.

Herufi r nayo! Kinyakyusa hakina r, kwa hiyo mtoto anaandika "balabala", hilo halinishangazi. Taabu inaanza akishaambiwa kwamba r ipo: anaimwaga kila mahali. Ambele kaniandikia, "Nilifika shuleni bila karamu." Nikamwuliza, ulitaka tukupikie pilau? Akanikodolea macho mpaka jirani yake alipomnong'oneza.

Mkato ndio uliwaamsha. Niliandika ubaoni: "Hapana kazi kesho." Wengi wazazi wao wanachuma chai, nikawauliza, msimamizi akituma ujumbe huu, baba aende au alale? Alale, wakajibu wote. Nikaweka mkato baada ya "Hapana". Kelele zilizotokea hapo mpaka mwalimu wa Jiografia akachungulia dirishani. Mmoja akauliza nani aliamua maandishi yaende hivi. Nikamweleza kuwa Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kusanifisha ikaanza kazi 1930. Akataka kujua kama Mnyakyusa yeyote aliitwa kwenye huo mkutano. Nikamwambia endelea na insha.

Sasa turudi kwa taaluma. Mimi nataka kila wiki tuwinde kosa la aina moja tu. Wiki ya viambishi nasahihisha viambishi tu, hizo "nime" na "na" wanazozikata, hizo r na mikato naziona na kuzipita. Kabla daftari halijanifikia, jirani amelipitia kwa penseli akitafuta kosa hilo hilo. Nimejaribu na mkondo mmoja, na wameanza kukamatana wenyewe, tena kwa ukali kuliko mimi. Taaluma anasema huo ni uvivu wenye maelezo. Yeye anafundisha Hisabati, sijui kama amewahi kubeba rundo la insha nyumbani, lakini neno lake lina uzito, na mkuu wa shule anamsikiliza.

Ndiyo maana nakuomba yale madaftari yako ya imla, hasa vile vifungu vifupi vya ng'ombe na ng'ambo ulivyovitunga mwenyewe. Wangu wanaandika "ngombe" bila ritifaa, ile alama ya juu baada ya ng, hata wale wanaowachunga. Mpe kondakta wa basi lolote la Kyela linalopita hapo Mafinga, unitumie namba zake, nitalisubiri stendi. Nauli ya mzigo nitalipa mimi, usianze ukarimu wako.

Na wewe unasahihishaje siku hizi? Mkuu wako anakubali? Wathibiti ubora waliwahi kukuta daftari lenye kosa ulilolipita kwa makusudi? Ukawaambia nini? Huko kwenu kwa Wahehe r inasumbua vile vile, au ni sisi tu? Na ni kweli Mzee Nukta amestaafu, au Sekela ananitania? Kile kiwanja cha Changarawe mmeshamaliziana na yule baba?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Piga kwa namba ya mume wangu, saa mbili usiku anakuwa nyumbani.

Wako,
Tusajigwe