Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ada, Mahudhurio na Suala la Kitabu

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum, na kwa wenzetu wote, hamjambo.

Vikao vya chama chetu cha kusoma vitabu, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, viliendelea barazani Mji wa Kale, Mombasa, isipokuwa Ramadhani. Tulisoma, tukajadili, tukanywa kahawa. Siku ya kughani mashairi ilifana. Ziara ya Fort Jesus mlikuwepo, na picha mnazo.

Sasa nije kwenye hili linalosemwa pembeni. Mwezi wa Julai kamati iliidhinisha Sh14,400 kununua nakala 12 za riwaya fupi iitwayo Binti, ya mwandishi Nnedi Okorafor, badala ya kuzitia katika mfuko wa safari ya Gede, kwenye magofu ya mji wa kale. Kumezuka maneno kwamba mwenyekiti kala pesa za safari kwa kununua kitabu cha watoto, tena cha Kiingereza. Ieleweke kwamba kikao kilikuwa na akidi: wajumbe watatu kati ya watano, kama katiba isemavyo. Wawili waliokosa walipelekewa ujumbe, wakausoma, wakanyamaza. Na hiyo safari ilikuwa imechangiwa na watu wanne. Watu wanne hawajazi hata matatu.

Kuhusu kuitwa cha watoto kwa kuwa ni hadithi ya safari ya angani: riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii hii, tulishaisoma, na humo pia mtu anasafiri angani hadi sayari nyingine. Hakuna aliyelalamika. Na anayeona kwamba mambo ya msichana kupevuka si ya watu wazima, arudie Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 aone mama mgonjwa anamuusia nani: binti yake.

Kitabu chenyewe ni cha 2015, na mwaka uliofuata kilipata Nebula na Hugo, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi. Msichana wa miaka 16, Mhimba (watu wa Namibia), hodari wa hesabu, anatoroka kwao alfajiri watu wamelala ili akasome chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Amejipaka udongo mwekundu wa kwao, na kwenye foleni ya safari mwanamke asiyemjua anamshika nywele kama anayekagua kitambaa dukani. Chombo anachopanda ni kiumbe hai, umbo lake kama kamba wa baharini. Njiani kinavamiwa na viumbe mfano wa yavuyavu, wanaua kila mtu isipokuwa yeye na rubani. Sababu ya hasira yao ni kwamba wasomi wa chuo kile kile walimnyang'anya mkuu wa viumbe hao mwiba wake wakauweka katika makumbusho.

Tulipokijadili kitabu, hapo ndipo mzee wetu mmoja, aliyekipinga kitabu kuliko wote, alipodakia: “Hivi si vigango hivi?” Mnajua vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyong'olewa makaburini, vikauzwa, vikaishia katika makumbusho za Marekani, na baadhi tu ndivyo vilivyorudi. Mjadala haukuisha mpaka magharibi ikaadhiniwa, na mimi ndiye niliyelazimika kuufunga. Kwa miaka yote niliyoongoza chama sijaona kikao kama kile. Aliyependekeza kitabu ni nani? Kumbukumbu za kamati zipo, someni.

Kasoro yake naijua, na niliitaja siku ile ile: maprofesa wanakubali kuurudisha mwiba upesi mno. Waulizeni wenye vigango kama mambo huenda hivyo. Lakini pale msichana anapompaka adui yake ule udongo kwenye jeraha, likapona, mimi na mvi zangu nilirudia ukurasa. Sioni haya kusema.

Ada. Tuko wanachama 41. Waliolipa Sh2,400 za mwaka ni 17, jumla Sh40,800. Viti, kahawa na usafi vilikula Sh21,000, vitabu Sh14,400, zimebaki Sh5,400. Tunadai Sh57,600. Hizo zingetupeleka Gede na kuturudisha tumeshiba. Nakala tatu za kitabu hazijarejeshwa, na mmoja wa wanaozishikilia ni yule aliyeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba pesa zimetupwa.

Mahudhurio yanasikitisha. Mkutano wa Aprili tulikuwa tisa. Wenzetu wa Likoni udhuru wao ni feri, wa Kisauni ni foleni ya Nyali, nimewasamehe. Wa Mji wa Kale, ambao milango yao naiona nikikaa barazani, udhuru wao bado nausubiri.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutatafuta kabati la vitabu, tutasoma sehemu mbili zilizofuata za Binti, za 2017 na 2018, na Gede tutakwenda hali ikiruhusu. Vijana nao tungependa kuwavuta, kwa njia ambayo kamati itaiangalia.

Uchaguzi ni mwezi ujao. Fomu ziko kwa katibu tangu wiki iliyopita, na mpaka naandika haya hakuna aliyechukua.

Mwenyekiti